Funda la Kwanza

Mimi sinywi pombe. Naanza na hilo kwa sababu wanaonijua wangeanza nalo wao. Kuanzia Magamba mpaka sokoni Lushoto watu wanajua kwamba kwangu hata mgeni wa harusi akija na chupa kwapani anaiacha nje ya ua, kwenye migomba, akaichukue wakati wa kuondoka. Nimelelewa hivyo, nikapata kipaimara hivyo, na nimezeeka hivyo. Sasa nataka kusimulia ule mwaka mmoja niliofanya kazi kwenye nyumba ya wageni ya Mama Hilda, na anayesoma asinikatize. Nikimaliza, yeye aniambie yule msichana alikuwa nani, maana mimi nimeshindwa kumjua.

Mume wangu Zakaria tulimzika masika yaliyopita. Rafiki yangu Eliwaza hakuweza kuja mazikoni. Barabara ya Mtae ilikuwa imekatwa na maporomoko, na mguu wake mmoja siku hizi unakwenda unapotaka wenyewe. Alikuja mvua zilipokatika, kutoa pole. Alishuka kwenye basi amejifunga kitenge na kofia ya sufu ya mwanaume, tukaamkiana kikwetu, onga mshi, akalia kidogo mlangoni kama inavyotakiwa, kisha akaniuliza kama nina chai. Huyo ndiye Eliwaza. Mjukuu wake, Tumaini, anafanya kazi hotelini kule juu ya mji, na alipojua bibi yake yuko kwangu akatualika wote wawili tukale chakula cha mchana kwa gharama yake. Hakujua anatupeleka wapi. Hoteli hiyo ndiyo nyumba ya Mama Hilda, ila imenyooshwa huku na huku, baraza limewekewa vioo, na jiko letu limekuwa chumba cha mataulo. Tulisimama mlangoni mwa kile chumba kama watu waliofiwa upya. Kilichobaki ni sakafu nyekundu na dirisha la chumba cha kona. Eliwaza aliigusa sakafu kwa fimbo. "Hii niliisugua kwa magoti," akasema. Nikamwambia aliyeisugua ni mimi, yeye alikuwa mpishi. Akasema basi aliisugua kwa macho.

Tulikaa barazani. Meza ya pili walikaa wageni kutoka Dar es Salaam, na mhudumu wa baa, mwanaume mwenye tai na ndevu zilizochongwa, alikuwa anawaeleza kuhusu kinywaji chekundu kilichokuwa mbele yao. Alisema kinaitwa Ndimbo, kwa jina la mwandishi wa vitabu aliyeishi kwenye nyumba hii zamani. Alisema mwandishi huyo alikibuni mwenyewe, jin na matunda ya milimani, na kila jioni alikuwa akijichanganyia akitazama bonde, ndipo maneno yakamjia. Mimi nikamtazama Eliwaza. Bwana Ndimbo tulimjua. Mtu yule alikuwa hajui hata birika linafunguliwa upande gani, na jin hakunywa kwenye nyumba ile kwa sababu Mama Hilda asingemlaza hata usiku mmoja. Alikuwa anakunywa juisi. Nilimpelekea mimi.

"Kijana, niletee na mimi hiyo Ndimbo," Eliwaza akasema.

"Eliwaza, wewe mtu wa kanisa."

"Mtu wa kanisa ni shemeji yako. Mimi mwimbaji tu, na siku hizi hata sauti yangu hawaitaki."

Mhudumu akaileta, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa karibu naye akaiweka mbele yangu. Nikainyanyua ili nimpe mwenzangu. Sasa, sisi tumefundwa kwamba mtu humpi kinywaji kabla hujakionja mbele ya macho yake, aone kwamba hukumwekea kitu. Maji, uji, maziwa, chochote. Na mama yangu hakuwa mtu wa kulambalamba. Alisema anayegusisha midomo tu ndiye mchawi mwenyewe, kwa hiyo unapiga funda zima, mgeni aone koo lako likishuka. Nimefanya hivyo tangu utoto na sijui kukabidhi glasi kwa namna nyingine. Mkono ukaenda wenyewe. Nilikuwa nimeshameza kabla sijakumbuka ni nini.

Ilikuwa plamu, na asali, na tangawizi inayochoma nyuma ya ulimi, na nyuma ya tangawizi kulikuwa na kitu kama harufu ya misunobari baada ya mvua. Niliitambua kama unavyomtambua mtu kwa kikohozi chake gizani.

"Hii ni juisi ya Bwana Ndimbo," nikasema.

"Wameongeza barafu," Eliwaza akasema.

"Ni ile ile. Sasa jin yenyewe iko wapi?"

Eliwaza akakitazama kitambaa cha meza, akakinyoosha mahali ambapo hakikuwa na kunyanzi. "Naomi," akasema, na siku hizi hakuna mtu mwingine anayeniita kwa jina hilo, "jin ndiyo hiyo unayoisikia. Ilikuwamo tangu wakati ule."

Nieleze nyumba ilivyokuwa. Mama Hilda alikuwa mjane mnene, Mlutheri wa kushika, na alipokea wageni wa aina zote mradi watembee kwa adabu. Ubao wa mlangoni ulisema pombe haiingii, na asiyeweza kusoma alisomewa. Badala ya pombe alikuwa na juisi ya plamu. Msimu wake ukifika tulizichemsha kwa asali, tukazikamua kwa kitambaa, tukafunga kwenye chupa tukaziweka darini, zikatutosha mpaka msimu mwingine. Jioni kila mgeni alipewa glasi moja barazani. Mimi nilikuwa msichana wa kuhudumu, Eliwaza jikoni. Tulilala chumba kimoja nyuma ya jiko, ukuta wenye joto la jiko ukiwa upande wangu, na chakula chetu kilikuwa kile walichobakiza wageni, ila Jumamosi tulijipikia bada letu, ugali wa muhogo, na mboga ya kunde, tukalila kwenye sufuria moja tukiwa tumekaa juu ya magogo. Sijawahi kula vizuri kama kwenye yale magogo. Na hapo hapo najikamata. Nasema hivi kwa sababu chakula kilikuwa kitamu, au kwa sababu nilikuwa nimetoka kupeleka glasi ya jioni?

Bwana Ndimbo alitoka kusini, mtu mrefu mwenye mabega ya kuinama kama anayepita mlango mfupi hata akiwa uwanjani. Alisemekana ni mgonjwa wa kifua na amekuja kwa hewa. Alikaa chumba cha kona karibu mwaka mzima. Asubuhi nikifagia ukumbi nilikuwa namsikia anazungumza peke yake mle ndani. Siku moja alisema, "Hapana, huyu asife, huyu bado ana kazi," nikakimbilia jikoni kumwambia Eliwaza kwamba kuna mtu anakufa kwenye chumba cha kona. Eliwaza akaniambia watu wa vitabu ndivyo walivyo, wanaua na kufufua mpaka saa ya chakula. Mimi nilifika darasa la nne, vitabu vyake sijavisoma. Nilijua tu kwamba juisi yake huwa inaandaliwa peke yake. Eliwaza aliniambia anaizidishia tangawizi kwa ajili ya kile kifua. Nikaamini. Pombe niliyoijua mimi ilikuwa boha, ya miwa, ambayo unaisikia harufu yake tangu njiani kabla hujaiona nyumba. Kitu kinachonukia kama msitu wa Magamba kingekuwaje pombe?

Basi kila jioni nilitoka na trei, nikafika mbele ya Bwana Ndimbo, nikapiga magoti, nikaonja, nikampa. Alikuwa anangoja funda lile limalize kushuka. "Asante, mama mdogo," alikuwa akisema. "Sasa najua nitaamka kesho." Na mimi nilirudi jikoni nikiwa na joto tumboni ambalo nililihesabu kuwa la kazi iliyofanywa vizuri.

Kabla ya nyumba ile mimi nilikuwa bubu. Nasema bubu lakini masikio na ulimi vilikuwa vizima. Nilikuwa sisemi tu. Mama yangu alisema nimezaliwa na mdomo wa mgeni, unaosubiri kukaribishwa. Shangazi zangu walishakata tamaa ya kunipatia mume, maana nani anaoa kimya? Na kwenye mwaka ule mmoja nilianza kusema. Nilisema mpaka Mama Hilda akatoka kutazama ni nani huyo. Nilimwigiza mchungaji anavyotafuta miwani ambayo ameivaa. Eliwaza alikaa chini kwenye maganda ya viazi kwa kucheka. Nilijiona nimefunguliwa. Kanisani walituhubiria juu ya yule ambaye ulimi wake ulilegezwa, nami nikajua ni mimi wanayemsema, nikamshukuru Mungu kwa machozi.

Zakaria alikuja wakati huo. Alikuwa dereva wa lori la kiwanda cha mbao Magamba, alituletea mabanzi ya kuni, na alikuwa anafika jioni akishamaliza safari za kampuni. Mara ya kwanza alishusha kuni zote nikiwa nimesimama namtazama. Akafuta jasho akasema, "Binti, wewe huna mdomo?"

"Ninao," nikamwambia, "ila unafanya kazi kwa zamu. Leo ni zamu ya macho."

Alikaa kwenye banzi lake akacheka mpaka utingo wake akaja kuona kama ameumia. Kuanzia hapo kuni zilianza kuletwa hata ambazo hazikuagizwa, Mama Hilda akilalamika kwamba hana msitu wa kuzihifadhi. Bwana Ndimbo alikuwa akivuta kiti chake mpaka mwisho wa baraza, upande wa ua, na najua kwamba alikuwa anatusikiliza, maana siku moja aliniuliza, "Mama mdogo, jana ulimjibu nini yule dereva? Nilikosa mwisho wake." Nikamwambia akamuulize dereva.

Siku Zakaria aliponiposa hakupiga goti wala hakuleta mshenga. Washenga walikuja baadaye, kwa utaratibu. Alisimama mlango wa jiko na viatu vimejaa matope mekundu mpaka kwenye vifundo. Akasema, "Naomi, nikikuoa utakuwa unaniambia nini kila siku?"

"Nitakuambia ufute miguu."

Nyuma yangu Eliwaza aliangusha mwiko. Zakaria akashuka kwenye ngazi, akafuta miguu kwenye nyasi, taratibu, wa kulia na wa kushoto, akapanda tena akasimama pale pale. Ndivyo nilivyochumbiwa. Ndoa yote nimeishi nikimwambia afute miguu, na ndoa yote alikuwa anacheka kicheko cha kipumbavu pale mlangoni, ambacho kilikuwa kikinikera kwa sababu mimi nina sakafu ya kusafisha.

Maana baada ya harusi maneno yalikwisha. Niliondoka kwa Mama Hilda, nikaingia kwangu, na ule mdomo wa mgeni ukarudi mahali pake. Nilifikiri ndio utu uzima. Watoto, shamba, mama mkwe. Watu waliniita mkali, na ukali ni heshima, sikuona kasoro. Lakini Zakaria, mara chache, tukiwa tumekaa tunakula na hakuna anayesema neno, alikuwa ananitazama na kuuliza, "Yule wa jikoni kwa Mama Hilda umemweka wapi?" Aliuliza kwa utani. Sikumjibu hata mara moja, kwa sababu sikujua. Nilidhani amechoka na mimi. Sasa amekufa na jibu limeletwa kwenye glasi, na barafu juu.

Nilimgeukia Eliwaza pale mezani. Nilimuuliza kama Zakaria aliposa mwanamke au aliposa chupa.

"Acha mambo yako, Naomi."

"Nijibu. Kwa nini hukuniambia?"

"Ungemwambia Mama Hilda."

Hilo lilikuwa kweli. Ningemwambia kabla Eliwaza hajamaliza sentensi. Akaendelea, akisema kwamba Bwana Ndimbo alikuja na chupa zake ndani ya sanduku la vitabu, akamwomba amfichie nyuma ya magunia ya mkaa na amchanganyie na juisi ya nyumba, rangi isionekane. Yeye alikubali kwa sababu mzee alikuwa mpweke na alikuwa anashukuru. Na kuhusu mimi, Bwana Ndimbo siku zote alidhani najua. "Alikuwa akiniambia, yule Mlutheri mwenzako ana moyo, anapiga funda mbele ya ubao wenyewe."

"Na wewe ulijua naonja."

"Nilijua unaonja kama watu wanavyoonja. Midomo. Nitajuaje kwamba mama yako alikufundisha kunywa?" Akavuta ile glasi upande wake, akanywa, akafunga macho. "Halafu sikiliza. Zile chupa ziliisha. Ziliisha kabla ya Pasaka, na mimi nikawa nampelekea plamu na tangawizi tupu, naye hakusema kitu, labda kwa aibu. Mgosi wako alikuja kuposa baada ya Pasaka. Kwa hiyo siku ile ulikuwa mzima kama mchungaji."

Nilitaka kulichukua hilo niondoke nalo. Lakini mimi nakumbuka siku ile mikono yangu ilikuwa myekundu, nilikuwa nakamua plamu, na plamu baada ya Pasaka ziko wapi? Nikamwambia hivyo. Akasema nilikuwa nasafisha chupa za darini zilizopasuka. Nikasema hakuna chupa zilizopasuka. Akasema zilipasuka, moja ilimwagikia kitanda cha mgeni. Eliwaza nampenda kama ndugu, lakini ni mtu ambaye tangu ujana akikuona una huzuni anakutafutia uongo wa kukufaa, kama mwingine anavyokutafutia shuka. Inawezekana anasema kweli. Inawezekana mikono ilikuwa myekundu kwa matope ya kuni. Nilijaribu njia nyingine: nikatafuta asubuhi. Nikasema, kama yule msichana alikuwa mimi, basi lazima kuna asubuhi moja aliyosema kitu cha kuchekesha. Nilikaa na wali wangu ukipoa nikapekua mwaka mzima, na kila nilichokipata kilikuwa na jua la jioni juu yake. Mchungaji na miwani, jioni. Zamu ya macho, jioni. Hata yale magogo na sufuria la bada.

Mhudumu alikuja kuuliza kama tumeipenda Ndimbo. Tumaini, aliyekuwa amesimama nyuma yake, alitaka nimweleze mhudumu kwamba sisi tulimjua mwandishi mwenyewe. Nikamwambia mwandishi alikuwa mtu mpole aliyekohoa. Sikuongeza. Ningemweleza nini, na ninavyojua ni kidogo kuliko nilivyojua asubuhi?

Gari la hoteli liliturudisha. Tumaini alipanda mbele, sisi wazee nyuma. Dereva aliendesha kwa mkono mmoja, wa pili ulikuwa na simu, na zile kona za kushuka mjini anazijua kila mtu aliyewahi kuzishuka. Akanitazama kwenye kioo akasema, "Bibi, mbona kimya? Umelala?"

"Sijalala," nikasema. "Naangalia barabara. Lazima mmoja wetu aiangalie."

Eliwaza alicheka mpaka kofia ya sufu ikamshuka machoni. "Huyo," akasema, akinipiga goti kwa kiganja, "huyo ndiye niliyeshuka kutoka Mtae kumtafuta." Na mimi nikacheka pia, kwanza. Kisha nikakumbuka kwamba ninalo funda moja tumboni, nikanyamaza mpaka nyumbani.

Eliwaza aliondoka kesho yake na basi la alfajiri. Nilimsindikiza, nikarudi kabla jua halijapanda juu ya mlima, kabla ya chai, kabla ya maji. Kinywa kikavu, tumbo tupu. Sikuingia ndani. Nilizunguka nyumba nikaenda kwenye migomba, pale alipo Zakaria, umande umelowesha kila kitu na udongo wa kaburi bado haujakaa sawa. Nikamwamkia, onga makeo. Nilikuwa nimepanga nimwambie kitu cha kuchekesha, nione kama kitakuja. Ndege walikuwa wanapiga kelele, ng'ombe wa jirani alikuwa analia, na mimi hakuna neno lililonijia. Nikamweleza basi mambo yalivyo: kwamba Ndimbo wamemfanya kinywaji, kwamba Eliwaza anasema chupa ziliisha, kwamba sijui. Kwamba kama alidanganywa, hata mimi nilidanganywa, na siwezi kumlipa mtu mwingine badala ya yule aliyemposa. Nilisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetoa taarifa. Kisha nikageuka.

Nilifika mlangoni na matope yakiwa yamenipanda mpaka kwenye vifundo. Nikasimama kizingitini kwa mazoea, nikaitazama sakafu yangu, na maneno yakatoka yenyewe, kwa ukali ule ule wa siku zote. "Futa miguu."

Hakuna aliyecheka. Ndipo nikasikia ni nini nilikuwa namwambia mtu yule, asubuhi na mchana na jioni, maisha yetu yote, na kwa nini alikuwa anachekea pale. Mimi nilikuwa nalinda sakafu. Yeye alikuwa anajibiwa.

Nikashuka kwenye nyasi nikafuta, wa kulia, na wa kushoto.